Je, Wajua? Figo "Zilizosafishwa" kwa Mboga Mbichi Huenda Hazijabadilika Hata Kidogo

Tuseme mtu ameacha chakula cha motoni. Mwezi mzima anakula matunda, karanga mbichi, kabichi na karoti, kisha anapima damu. Kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu ili kukadiria kazi ya figo, ilikuwa 105, na sasa ni 82. Habari zinafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mboga mbichi zimesafisha figo.

Namba imeshuka kweli, maabara haijakosea. Kilichokosewa ni maelezo. Kreatinini si uchafu ulioganda ndani ya figo ukingoja kusuguliwa. Inatokana na kreatini, kemikali ambayo misuli huiweka kwa ajili ya nguvu za haraka. Kila siku asilimia 1 hadi 2 hivi ya kreatini hiyo hugeuka yenyewe kuwa kreatinini, huingia kwenye damu, na figo huichuja itoke na mkojo. Maabara haizioni figo zikifanya kazi. Inapima taka iliyobaki kwenye damu, halafu inakadiria.

Fikiria jaa la mtaa. Ukilikuta limepungua, huenda gari la taka limeongeza safari, au huenda watu wametupa kidogo. Siku ya pili ya Idi jaa hufurika mifupa na maganda, ingawa gari limepita saa ile ile na dereva ni yule yule. Kimo cha jaa peke yake hakikwambii lipi limetokea. Kreatinini ndiyo kimo hicho. Aliyeacha nyama amepunguza kutupa. Kuhusu gari, kipimo hakijasema neno.

Kinachofurahisha zaidi hapa ni kazi ya moto. Nyama ni misuli, kwa hiyo ina kreatini tele. Ikichemshwa muda mrefu, joto hugeuza sehemu ya kreatini hiyo kuwa kreatinini humo humo sufuriani. Anayekunywa supu ya ng'ombe asubuhi anameza taka iliyokwisha kutengenezwa. Inafyonzwa, inaingia kwenye damu, na ndani ya saa chache kipimo kinapanda bila figo kuwa na hatia yoyote. Jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha jambo hili mwaka 1979, na mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, unashauri mtu asile nyama kwa muda wa saa 12 kabla ya kupimwa kreatinini. Kwetu supu huuzwa saa zile zile maabara zinapofunguliwa.

Hayo hayamaanishi kwamba mboga hazina faida kwa figo. Kwa baadhi ya wagonjwa, daktari hupunguza protini kwa makusudi. Ila namba moja iliyoshuka baada ya mwezi haithibitishi hilo, na pengine inaficha jambo baya: wanaokula vibichi vitupu mara nyingi hukonda, na misuli ikipungua kreatinini nayo hupungua. Kwenye mashaka, daktari anaweza kuomba kipimo cha sistatini C, protini inayotolewa na karibu kila seli na isiyojali ulikula nini jana. Si kila maabara inacho.

Kuna namba nyingine inayostahili kuangaliwa zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya watu 201 walioishi muda mrefu kwa vyakula vibichi. Hakuna aliyekuwa na trigliseridi (aina ya mafuta ya kwenye damu) za juu, na wengi hawakuwa na lehemu (kolesteroli) mbaya iliyozidi. Lakini asilimia 46 walikuwa na lehemu nzuri pungufu, na asilimia 38 walikuwa na upungufu wa vitamini B12. Watu hao walikuwa wamejichagulia lishe yao wenyewe, kwa hiyo si kila tofauti inaweza kubebeshwa mboga. Hata hivyo, suala la B12 lina maelezo yaliyo wazi: mimea haitengenezi vitamini hiyo, na akiba iliyo kwenye ini huchukua miaka kwisha. Anayepima mwezi wa kwanza atakuta iko sawa.