Malale ilitengenezewa njia

Mimi kazi yangu ni wadudu wanaobeba magonjwa, niko Kisumu lakini muda mwingi niko Homa Bay huko Lambwe kwa mitego ya mbung'o, yule nzi anayeuma na kueneza malale, ugonjwa wa usingizi kwa watu, na ambaye anaua ng'ombe pia. Vijana wa huko wananiuliza sana, kama mbung'o alikuwepo tangu zamani, babu zetu walifugaje ng'ombe hapa?

Waliweza kwa sababu walikuwa wanamzuia. Mbung'o anataka kivuli na unyevu, sasa ukichoma nyasi kila msimu, ukalisha mifugo mingi, ukakata kuni na kulima mtama, kichaka hakipati nafasi karibu na boma. Hiyo ilikuwa afya ya jamii kabisa, hata kama hakukuwa na daktari wa koti jeupe.

Halafu ikaja sotoka, tauni ya ng'ombe. Iliingia Eritrea 1887 na ng'ombe wa kulisha jeshi la Italia, ikateremka ikapita kwetu mwanzo wa miaka ya 1890, kufika 1896 iko Afrika Kusini, na sehemu nyingi ilipopita kati ya ng'ombe kumi walikufa tisa. Ndui na njaa zikafuata. Na ng'ombe kwa watu wetu si maziwa na nyama tu, ni mahari, ni fidia, ndiye anafunga undugu kati ya koo mbili, kwa hivyo zizi likibaki tupu ndoa pia zinakwama. Wanyama wa porini nao walikufa lakini wao walizaana haraka, malisho yakakosa wa kuyalisha, kichaka kikarudi na mbung'o akarudi nacho.

Kuanzia 1900 malale ikalipuka kando ya ziwa, Busoga ya Uganda ndiyo iliumia zaidi lakini na huku kwetu Samia ilifika, na kufikia 1920 upande wa Uganda pekee inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alikuja Entebbe 1903 akaonyesha ni mbung'o anaeneza, sawa, hiyo sayansi ilikuwa nzuri. Lakini dawa ya serikali ikawa kuhamisha watu. Gavana wa Uganda, Hesketh Bell, akatoa watu ufuoni na visiwani, wakaacha makaburi, mitumbwi na mashamba, na ufuo usio na watu wa kufyeka ni kichaka tu, yaani mbung'o kaachiwa nyumba.

Mimi kinachoniuma zaidi ni yaliyowapata ukoo wa Talai huku Kenya. Hawa ndio walikuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, watu wa kuombea mvua na kushauri wazee, na tayari 1925 mkoloni alikuwa ametunga sheria ya uchawi ambayo ilifanya hata waganga wa kawaida waogope kutibu mchana. 1934 akatunga nyingine ya kuwaondoa Talai wenyewe Kericho, watu kama 700 na watoto na mifugo yao, akawapeleka Gwassi, jirani na Lambwe. Watu wa baridi, hawajazoea malaria, wakatupwa kwa joto la ziwa palipojaa mbu na mbung'o, na serikali ilijua kabisa kuna nini pale maana madaktari wake walikuwa wameandika habari za mbung'o miaka thelathini. Ng'ombe wakaisha, watu wakafa. Waliobaki walirudi Kericho karibu na uhuru wakakuta ardhi yao ina wenyewe, na wajukuu wao wengi mpaka leo wanadai shamba.