Je, wajua kwa nini propela ya Spitfire ilitoka mapanga mawili hadi sita?

Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, iliporuka kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, puani ilikuwa na propela ya mbao yenye mapanga mawili tu. Miaka kumi baadaye mdogo wake wa mwisho, Seafire FR.47 ya jeshi la majini, alikuwa na mapanga sita. Kwa nini wahandisi waliongeza idadi? Si ingekuwa rahisi kuyarefusha yale mawili?

Tazama pangaboi la sebuleni likizunguka taratibu. Karibu na kitovu panga linajikokota, lakini ncha yake inapita mbio, kwa sababu katika mzunguko uleule ina duara kubwa zaidi la kumaliza. Propela iko hivyohivyo, ila yenyewe pia inasonga mbele pamoja na ndege. Kila panga ni bawa dogo linaloikata hewa na kuisukuma nyuma, na ndege inakwenda mbele. Ndiyo maana panga limesokotwa: kwenye kitovu limesimama wima zaidi, kuelekea nchani linalala.

Tatizo la kwanza lilikuwa mlalo huo wenyewe. Propela ya mapanga mawili ilikuwa na mlalo mmoja usiobadilika, kama gari lenye gia namba nne peke yake: barabarani linakimbia, lakini kuling'oa pale liliposimama ni kazi. Majaribio ya Spitfire za mwanzo yanaonyesha hali ilivyokuwa. Yenye propela hiyo ilihitaji takriban mita 380 za kukimbia kabla ya kuiacha ardhi. Ikaja yenye mapanga matatu na milalo miwili ya kuchagua, ikahitaji kama mita 290. Halafu ikaja propela inayojirekebisha yenyewe ili injini ibaki kwenye mzunguko uleule, na ndege ikaondoka kwa mita 205 hivi. Tofauti hii iliokoa roho za watu. Kuanzia Juni 1940 mafundi wa kampuni ya de Havilland walizunguka viwanja vya ndege wakizifunga propela hizo kwenye Spitfire na Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, na kufikia katikati ya Agosti ndege zaidi ya 1,000 zilikuwa tayari, vita vya anga vya Uingereza vikiwa vimepamba moto.

Kisha injini zikaanza kunenepa. Injini ya Merlin ya Spitfire za mwanzo ilikuwa na nguvu za farasi takriban 1,000. Injini iliyofuata, Griffon ya mwaka 1944, ilikuwa na kama 2,000. Nguvu mara mbili ikipewa propela ileile, nyingi inapotea bure. Hewa zaidi lazima ishikwe, na njia inayokuja akilini kwanza ni kurefusha mapanga.

Hapo ndipo ardhi inapokataa. Propela ndefu hukwangua uwanja, labda miguu ya ndege irefushwe. Marekani, waliobuni ndege ya kivita ya Corsair walitaka propela ya zaidi ya mita 4, wakalazimika kuyakunja mabawa kuelekea chini ili miguu ibaki mifupi na imara. Yale mabawa yake yaliyopinda, ambayo wengi huyaona kama urembo, yalitokana na propela.

Lakini kizuizi kikubwa zaidi kiko nchani, na ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Tupige hesabu. Propela ya Spitfire IX, toleo la baadaye la ndege hiyo, ilikuwa na kipenyo cha mita 3.27 na ilizunguka kama mara 1,430 kwa dakika. Ncha yake basi inazunguka kwa mita 245 kwa sekunde. Ndege nayo inakwenda kilomita 600 kwa saa, yaani mita 167 kwa sekunde. Ukiunganisha mwendo wa kuzunguka na wa kusonga mbele, ncha inaikata hewa kwa takriban mita 296 kwa sekunde. Kwenye kimo cha mita 8,000, ambako baridi ni kali, sauti husafiri kwa mita 308 tu. Refusha kila panga kwa sentimita 25, ncha inafika mita 328. Imeshaipita sauti, wakati rubani bado yuko mbali nayo kabisa.

Ncha ikifika huko, hewa haipati tena nafasi ya kulipisha panga. Inajibana na kufanya mawimbi ya mshtuko, ukinzani unapanda ghafla, na nguvu ya injini inaishia kwenye makelele na joto.

Ndiyo maana wakaongeza idadi: manne kwenye Spitfire IX, matano kwenye Spitfire XIV. Hilo nalo lina gharama, kwa kuwa kila panga hupita kwenye hewa iliyokwisha kuvurugwa na mwenzake. Zaidi ya hapo, propela yenye nguvu hiyo huivuta ndege upande inapoondoka. Seafire 47 ilitibiwa kwa propela mbili za mapanga matatu, moja mbele ya nyingine, zikizunguka kinyume.

Pamoja na jitihada zote hizo, ukuta huo wa kasi ya sauti ulibaki palepale. Fritz Wendel wa Ujerumani aliweka rekodi ya kilomita 755 kwa saa tarehe 26 Aprili 1939, na ndege nyingine ya injini ya pistoni haikuivunja hadi 1969. Meteor ya jeti, isiyo na propela, ilipita kilomita 970 mnamo Novemba 1945.

Aliyeukaribia ukuta huo kuliko wengi ni Anthony Martindale, rubani wa majaribio wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza. Aprili 1944 aliielekeza Spitfire XI chini kutoka kimo cha takriban mita 12,000 ili kupima hewa inavyofanya karibu na kasi ya sauti. Alipofika karibu asilimia 90 ya kasi hiyo, propela ilikatika na kwenda zake pamoja na sanduku lake la gia. Pua ikawa nyepesi, ndege ikajiinua kwa nguvu, naye akazimia. Alipozinduka alikuwa amerudi juu kabisa, na mabawa yalikuwa yamepinda kidogo kuelekea nyuma. Bila propela, aliitelezesha hewani kama kilomita 30 na kuishusha salama uwanjani, vipimo vyote vikiwa ndani.