Je, wajua kwa nini nailoni huchanganywa na mpira?

Kwa muda mrefu niliridhika na jibu jepesi: mpira ni laini, basi ukiwa ndani ya nailoni hufyonza pigo kama godoro. Nilikosea. Mpira hufyonza sehemu ndogo tu ya nguvu ya pigo. Kazi kubwa hufanywa na nailoni yenyewe. Lau ingekuwa habari ya godoro, mpira wowote ungefaa, lakini chembe za mpira zikiwa kubwa mno nailoni hubaki inavunjika vilevile, ingawa kiasi cha mpira hakijapungua.

Nailoni tupu si dhaifu. Ikiwa haina mkwaruzo, huvumilia nyundo. Udhaifu wake ni mkato au kona kali, kwa sababu kwenye ncha ya mkato huvutwa pande zote kwa wakati mmoja. Mfikirie mtu anayevutwa na watu watatu, kila mmoja kwake: hana pa kusogea, shati ndilo litakalochanika. Mmoja akimwachia, atapepesuka, lakini shati litapona. Chembe ya mpira ndiye huyo anayeachia. Hupasuka kwa ndani, uwazi mdogo hutokea, na nailoni iliyo kando yake hupata nafasi ya kunyumbuka. Kunyumbuka huko ndiko kunakomaliza nguvu ya pigo.

Sharti chembe zikaribiane. Mwaka 1985 Souheng Wu, mtafiti wa kampuni ya kemikali ya DuPont, alionyesha kuwa, kwa nailoni 66, aina mojawapo ya nailoni, nafasi kati ya chembe na chembe isizidi takriban mikromita 0.3 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita). Kwa nini hasa umbali huo, wataalamu wamebishana. Ili chembe zisigandamane kuwa mabonge, mpira hupachikwa kemikali iitwayo maleiki anihidridi, ambayo hushikana na ncha za molekuli za nailoni.

Gharama ipo: ugumu hupungua, na ikiyeyuka huwa nzito kuijaza kwenye kalibu. Punje za nailoni nazo lazima zikaushwe kabla ya kuyeyushwa, unyevu usizidi asilimia 0.2, la sivyo maji hukata molekuli ndani ya mashine. Kioja ni kwamba kifaa kikishatoka kwenye kalibu, unyevu uleule hukifanya kisivunjike upesi.

Ukitaka kuona mpira ukiachia, kunja kipande cha nailoni hii. Weupe unaotokea kwenye mkunjo ni mianya hiyo midogo ndani ya mpira, mingi mno, ikitawanya mwanga.