Kupandisha ISO Hakukupi Chembe za Filamu

Kwa mara nyingine wiki hii nimeletewa picha ya kuchapisha iliyopigwa mchana kweupe kwa ISO 12800, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga ukiwa umepandishwa juu sana, na mwenye nayo akanieleza kwamba alikuwa anatafuta chembe kama za filamu. Dhana hiyo, kwamba noizi ya sensa (vidoa ovyo vinavyotoka kwenye kipokea mwanga cha kamera ya dijitali) na chembe za filamu ni kitu kimoja, imeharibu kazi nyingi nzuri zilizopita mezani kwangu.

Katika filamu ya nyeusi na nyeupe kama Kodak Tri-X, chembe ndizo picha yenyewe, kwa sababu fuwele za chumvi za fedha zilizopigwa na mwanga hugeuka kuwa fedha halisi filamu inaposafishwa, na hakuna ukingo wala kivuli kisichojengwa kwa fedha hiyo. Hutawanyika bila mpangilio, zikiwa na ukubwa tofauti, na kwenye karatasi jicho huziona zaidi katika rangi za kijivu cha kati, kama vile shavu la mtu au anga lenye mawingu. Noizi ya sensa, kinyume chake, hutokana hasa na uchache wa mwanga, ndiyo maana hujazana vivulini, na mara nyingi huja na madoa mekundu na ya kijani ambayo Tri-X haiwezi kuyatoa kamwe.

Basi piga kwa ISO ya chini mwanga unaporuhusu, ondoa noizi ya rangi, punguza picha hadi ukubwa wake wa mwisho, noa kingo, ndipo uweke chembe za kuiga filamu kwa programu ya kuhariri picha, ukizififisha penye weusi na weupe kabisa. Anayezitia kabla ya kupunguza picha huzifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Wapo wanaoamini kwamba chembe huokoa picha iliyotikisika. Haziokoi, husaidia picha laini kidogo ionekane kali, na huficha michirizi ya rangi zisizofifia taratibu katika anga la buluu, basi.

Wala si kweli kwamba chembe zikizidi ndipo picha hufanana zaidi na filamu. Fremu ya filamu ya milimita 24 kwa 36 hukuzwa mara 10 ili kufikia sentimita 24 kwa 36, ilhali negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa) ya sentimita 6 kwa 6 hukuzwa takriban mara 4 tu kufikia upana huo wa sentimita 24, kwa hiyo chembe zake huonekana ndogo zaidi. Amua kwanza ni filamu ya ukubwa gani unayoiiga, kisha chapisha kipande cha majaribio cha upana wa kiganja na ukitazame ukiwa umekishika mkononi, si kwenye skrini iliyokuzwa.