Majedwali ghafi ya programu dhibiti: kwa nini kerneli huyatoa yalivyo

Kabla Linux haijaamka, kompyuta yako imeshaandikiwa wasifu wake. Programu dhibiti iliyo kwenye chipu ya ubao mama, yaani BIOS au UEFI, huandaa majedwali kwenye kumbukumbu: vichakataji viko vingapi, nafasi za RAM ni ngapi na ipi ni tupu, chaji ya betri inaulizwa vipi. Kwenye kompyuta nyingi za mezani na za mapakato utakuta familia mbili za majedwali hayo. SMBIOS ni orodha ya vitu: mtengenezaji, modeli, namba ya mfululizo. ACPI, iliyotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, huenda mbali zaidi, kwa kuwa baadhi ya majedwali yake, kama DSDT, yana msimbo ambao kerneli, yaani kiini cha Linux, huutekeleza yenyewe.

Kerneli ndiyo inayoshika maunzi. Programu za kawaida huishi nje yake, katika eneo la mtumiaji, na haziruhusiwi kugusa kumbukumbu halisi ya mashine. Kutoa majedwali ghafi maana yake ni kwamba kerneli inaziweka baiti zilezile za mtengenezaji ndani ya faili, bila kuzifasiri wala kuzipanga upya, na programu ya nje inazisoma. Katika Linux, ya ACPI yako /sys/firmware/acpi/tables na ya SMBIOS yako /sys/firmware/dmi/tables.

Zamani dmidecode, programu inayosoma SMBIOS, ilifungua /dev/mem, faili maalumu inayompa root (msimamizi mkuu wa mfumo) njia ya kuifikia kumbukumbu halisi, na kupekua kilobaiti 64 za mwisho za megabaiti ya kwanza, ikitafuta alama _SM_. Njia hiyo ilikuwa ya hatari. Mwenye ruhusa ya /dev/mem isiyo na kizuizi anaweza kusoma kumbukumbu yote, nywila na funguo za siri zikiwamo, na hata kuandika juu yake. Tena kwenye mashine za UEFI upekuzi ule hautegemeki, kwa sababu jedwali linaweza kuwa mahali pengine kabisa. Mwaka 2015, kerneli 4.2 ilileta faili za SMBIOS ndani ya /sys. Leo dmidecode huanza na faili hizo, na hata kerneli inapoifunga /dev/mem kwa ajili ya usalama, kazi inaendelea.

Lakini kwa nini ghafi? Kerneli pia hutoa taarifa zilizokwisha kufasiriwa, kwa mfano /sys/class/dmi/id/product_name. Hiyo inatosha kwa mwenye kutaka jina la modeli tu. Shida ni kwamba kila kipengele kipya katika kiwango cha SMBIOS au ACPI kingedai kerneli ibadilishwe, wakati programu ya nje husasishwa bila hata kuwasha mashine upya. Sababu ninayoipa uzito zaidi ni nyingine: programu dhibiti hukosea, na mara nyingi. Kuna mbao mama ambazo mahali pa namba ya mfululizo pana maneno "To Be Filled By O.E.M.", kwa sababu kiwandani hakuna aliyejaza. Anayetafuta kosa la namna hiyo anahitaji kuona kilichoandikwa hasa, kabla mtu mwingine hajakisafisha.

Kusoma baiti hizo si uganga. Karibu kila jedwali la ACPI huanza na kichwa cha baiti 36: herufi nne za jina, kisha baiti nne za urefu, na mbele kidogo baiti moja ya uhakiki, iliyochaguliwa ili jumla ya baiti zote za jedwali igawanyike kwa 256 bila baki. Ukinakili DSDT na kuipitisha kwenye iasl, programu inayofasiri msimbo wa ACPI, utapata msimbo unaosomeka. Na kwa anayenunua kompyuta iliyotumika, amri ya sudo dmidecode -t 17 itamwonyesha RAM iliyomo kabla hajafungua skrubu hata moja.

Amri hiyo ina sudo kwa sababu faili hizi ghafi husomwa na root peke yake. Ndani yake mna namba za mfululizo na UUID (kitambulisho cha kipekee) ya mashine, na kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 8 au matoleo ya baadaye zina jedwali la MSDM lenye ufunguo wa leseni. Ukiombwa majedwali yako na anayekusaidia kutatua tatizo, mpe lile analolihitaji tu, na MSDM ibaki kwako.