Je, wajua ndege ya karatasi inawezaje kubeba redio, mota na betri?

Weka karatasi moja ya A4, hii ya kawaida ya kuchapishia, kwenye mizani ndogo ya sonara. Itasoma gramu 5. Iondoe, kisha weka betri ya lithiamu ya mAh 150, aina inayopatikana kwenye droni za watoto. Itasoma gramu 4 hivi. Yaani betri inayotosha kuzungusha propela kwa dakika kadhaa ni nyepesi kuliko karatasi unayoandikia barua ya kuomba kazi. Mtu akishaliona hilo kwa macho yake, hashangai tena kusikia ndege ya karatasi imebeba redio. Kinachobaki ni kuhesabu gramu.

Tuhesabu basi. Ndege niliyoiunda na mpwa wangu kwa karatasi ya manila ina mabawa ya sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha, upana wake sentimita 10. Manila yenyewe ni ya gramu 160 kwa mita ya mraba, kwa hiyo bawa zima limekula gramu 6 na ushei. Kiwiliwili na mkia, gramu 4. Mota mbili ndogo pamoja na propela zake, gramu 7. Betri, 4. Ubao wa risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, pamoja na nyaya na gundi, gramu 3. Jumla inakuja gramu 24, ambazo hazifiki uzito wa karatasi tano za A4.

Ndege ya uzito huo, kwa bawa la ukubwa huo, huelea kwa kasi ya mita 3 na nusu hadi 4 kwa sekunde. Ni mwendo wa mtu anayekimbia kwa bidii kiasi asubuhi kwa ajili ya mazoezi. Unaweza kukimbia pembeni yake ukaishika kwa mkono.

Na hapa ndipo penye siri ambayo wengi huipita. Nguvu ya bawa kubeba mzigo huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara 2, bawa hubeba mara 4. Ukigeuza hesabu hiyo, ndege ukiiongezea uzito mara 4 bila kuliongeza bawa, italazimika kwenda kwa kasi mara 2 ndipo isidondoke. Sasa fikiria imegonga ukuta. Uzito mara 4, kasi mara 2, kishindo chake kinakuwa mara 16. Karatasi haichaniki angani, huchanikia chini inapoanguka, na kinachoichana ni uzito wake yenyewe. Ndege ya gramu 24 ikigonga mwembe, huukunja ubavu kidogo, unaunyoosha kwa vidole, inaruka tena. Kwa ndege ndogo namna hii, wepesi ndio uimara. Anayeongeza gundi na vijiti ili "iwe ngumu" mara nyingi anaiandalia kishindo kikubwa zaidi.

Zamani hesabu hii isingewezekana. Ndugu wawili Wamarekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao ya kuongozwa kwa redio iliyoitwa Big Guff huko Kalamazoo, Michigan, mwaka 1937. Ilikuwa na mabawa ya karibu mita 2 na nusu, na leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Ukubwa ule haukuwa wa mapambo. Redio za wakati huo zilitumia valvu za kioo, na valvu zilidai betri nzito, moja ya kuupasha moto uzi ulio ndani na nyingine ya volti nyingi. Bila bawa kubwa, mzigo ule usingenyanyuka.

Hata baada ya transista kufika, zikachukua nafasi ya valvu na redio kusinyaa, antena ilibaki kuwa kero. Antena hufanya kazi vizuri ikiwa na urefu wa robo ya wimbi. Rimoti nyingi za kuchezea zilitumia megahezi 27, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 11, kwa hiyo robo yake inakaribia mita 3. Ndiyo maana vile vigari vya zamani vilikuwa na waya mrefu, na hata huo ulikuwa umefupishwa kwa ujanja wa koili, yaani waya uliozungushwa. Rimoti za siku hizi hutumia gigahezi 2.4. Wimbi lake ni sentimita 12 na nusu, na robo yake ni sentimita 3 tu. Kipande cha waya kisichozidi pingili ya kidole kinatosha, na uzito wake ni mdogo mno.

Je, inakataje kona? Njia ipo zaidi ya moja, na mimi naipenda ile isiyo na kitu kinachosogea. Mota mbili zinakaa kwenye mabawa, moja kila upande. Ukitaka kwenda kushoto, risiva inaipunguzia umeme mota ya kushoto, ya kulia inaivuta ndege izunguke. Ukizipa zote nguvu, inapanda. Ukizipunguza zote, inashuka. Mota zenyewe zimetimiza kazi ya usukani, na umeokoa gramu. Mfumo huu umo kwenye zile ndege za povu zenye propela mbili zinazouzwa maduka ya wanasesere. Povu likivunjika, usitupe vifaa vyake vya ndani. Ubao wa droni ya propela nne, kwa upande mwingine, ukiuhamisha hivihivi utakusumbua: umefundishwa kusawazisha mota nne, na ukiuinamisha unaanza kupigana na wewe.

Njia ya pili ni ya kifundi zaidi. Unazungusha waya mwembamba kama unywele ukapata koili ndogo, katikati unaweka sumaku ya neodimiamu yenye ukubwa wa punje ya dengu, na sumaku hiyo unaigandisha kwenye jani la usukani mkiani. Umeme ukipita upande huu, jani linasukumwa kulia. Ukigeuzwa, linakwenda kushoto. Bawaba yake ni mkunjo wa karatasi wenyewe. Kifaa chote hicho hakifiki gramu 1. Sumaku za aina hiyo zilipatikana miaka ya 1980, na bila nguvu zake koili ndogo namna hiyo isingesukuma chochote.

Wapo pia waliouza vifaa hivi vikiwa tayari. Kuanzia mwisho wa mwaka 2013, mbunifu Shai Goitein alichangisha mtandaoni zaidi ya dola milioni 1 kwa PowerUp 3.0, kifaa kinachobanwa kwenye ndege ya kukunja na kuendeshwa kwa simu. Mpangilio wake unafundisha: betri na risiva viko puani, propela iko nyuma kabisa, kati yao kuna kijiti cha nyuzi za kaboni. Pua inapogonga, propela inasalimika.

Puani, nasema, na si kwa bahati. Siku ya kwanza ndege yetu ilipoachiwa uwanjani, iliinua kichwa, ikasita, ikaanguka chali. Mara tatu.

"Mjomba, mbona inafanya kama inataka kupiga chafya?" mpwa wangu aliuliza.

Tuliishika kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, tukatafuta mahali inapotulia bila kuinama. Palikuwa sentimita 3 na nusu nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Kwa bawa la upana wa sentimita 10, panapofaa ni kati ya 2 na nusu na 3. Betri ilikuwa sehemu ya sita ya uzito wote, kwa hiyo kuisogeza mbele sentimita 3 kulisogeza mahali hapo pa kutulia kwa nusu sentimita. Hatukuongeza hata punje ya mchanga puani. Betri ile ile ikawa ndiyo jiwe la mizani, na safari ya nne ndege ikaenda sawa hadi kwenye goli la upande wa pili.

Kuhusu karatasi yenyewe, angalia uelekeo wa nyuzi zake kabla ya kukata. Chana kipande: upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio nyuzi zinakoelekea. Nyuzi hizo zilale kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine, la sivyo mabawa yatajipinda juu kama ya kunguru anayetua. Ukingo wa mbele ukunje mara moja, maana karatasi bapa hulegea lakini yenye mkunjo husimama. Na kwa sisi wa pwani, karatasi hunywa unyevu wa hewa. Ndege iliyolala usiku karibu na dirisha huamka na bawa lililojikunja, kwa hiyo ifungie kwenye mfuko wa plastiki.

Betri usiitoboe wala kuikunja, usiichaji kupita volti 4.2, na usiitumie mpaka ishuke chini ya volti 3. Viwanja vya ndege vya kweli kaa navyo mbali.

Mwisho ni upepo. Ndege inayokwenda mita 4 kwa sekunde, ikikutana na upepo wa mita 4 kwa sekunde, husimama palepale angani. Propela zinazunguka, kivuli chake hakisogei kwenye nyasi. Upepo ukizidi kidogo tu, inarudi kinyumenyume juu ya kichwa chako na rimoti haina la kufanya. Kwa hiyo nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaamka. Shika kiwiliwili chini ya mabawa, fungua nguvu zote, uiachie ikiwa imelala sawa na ardhi, bila kuitupa.