Kabla mtoto hajaenda kusoma saikolojia ughaibuni

Shahada ya kwanza ya saikolojia, iwe ya London, Toronto au Nairobi, haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Tunaanza na hilo kwa sababu wazazi wengi wanaofika kwenye kitengo chetu cha ushauri kwa wanafunzi hapa Moshi huhesabu miaka 3, kisha wanamwona binti yao tayari ana ofisi, kibao mlangoni na watu kwenye foleni. Hesabu hiyo ni pungufu, na ndiyo inayoziumiza familia: ada imekwisha, mtoto kafaulu vizuri, na kazi aliyoiendea bado haruhusiwi kuifanya.

Chukua Uingereza. England shahada ni miaka 3, Scotland ni 4. Cha kwanza kuuliza chuo ni kama shahada yake inatambuliwa na chama cha wanasaikolojia cha huko, British Psychological Society. Isipotambuliwa, mhitimu atalazimika kusoma kozi nyingine ya kuziba pengo kabla ya kuendelea. Akishahitimu, anayetaka kuwa mwanasaikolojia wa tiba hutafuta kwanza kazi ya usaidizi ili apate uzoefu, kisha huomba uzamivu wa miaka 3, halafu husajiliwa na baraza linaloitwa HCPC. Tangu mwaka 2009 huwezi kujiita mwanasaikolojia wa tiba nchini humo bila usajili huo. Nafasi za uzamivu hugombewa vikali, na nyingi hugharamiwa na huduma ya afya ya taifa kwa ajili ya wakazi wa kule. Mwanafunzi aliyekwenda kwa viza ya masomo anaingia kwenye mbio hizo akiwa nyuma.

Australia njia imenyooka zaidi lakini si fupi: miaka 3, mwaka wa 4 wa heshima (honours), kisha angalau miwili ya mafunzo ya juu kabla ya usajili kamili. Ujerumani ada katika vyuo vingi vya umma haipo, ila karibu shahada zote za kwanza za saikolojia kwenye vyuo hivyo hufundishwa kwa Kijerumani, na ushindani wa nafasi ni mkali. Kwa Marekani ni miaka 4, ambayo sehemu yake kubwa ni masomo ya jumla. Huko chama cha wanasaikolojia, APA, hukagua na kuidhinisha programu za uzamivu, si shahada ya kwanza, kwa hiyo wakala akikwambia kuwa shahada ya kwanza ya chuo fulani ina ithibati ya APA, mwombe aandike na kusaini. Isitoshe, masharti ya viza ya Marekani yamekuwa yakibadilika mara kwa mara. Soma tovuti ya ubalozi wiki hiyohiyo unayotaka kulipa, usitegemee aliyekwenda mwaka juzi.

Ughaibuni pia ni Namanga kwenda mbele. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na vyuo vya Nairobi kama USIU-Africa na Daystar vinafundisha saikolojia. Makerere nayo inafundisha fani hii. Kutoka Arusha mzazi anaweza kupanda basi asubuhi akaenda Nairobi kumwona mwanawe.

Maoni yetu, na tunajua si kila mzazi atayapenda: kama lengo la kijana ni kuja kutibu watu Arusha au Moshi, na fedha ya familia inatosha masomo ya ngazi moja tu ya nje, asome shahada ya kwanza hapa nchini au Afrika Mashariki, fedha hiyo isubiri uzamili. Uzamili wa saikolojia ya tiba upo hata Muhimbili, MUHAS. Asiyelenga kutibu ana uhuru zaidi, kwa maana shahada hii hutumika katika utafiti, rasilimali watu, elimu na afya ya jamii bila leseni ya kutibu.

Tukija kwenye masomo yenyewe, kinachowashtua wengi ni takwimu. Kijana wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) aliyeiaga hisabati kidato cha nne anajikuta muhula wa kwanza anachambua data kwa kompyuta, na somo hilo halimwachi mpaka tasnifu ya mwaka wa mwisho. Wa michepuo ya sayansi, PCB au CBG, aliyesoma hisabati ya BAM ana nafuu kidogo. Mengine ni ubongo na mfumo wa fahamu, makuzi ya mtoto, kumbukumbu, tabia za watu katika makundi, na mbinu za utafiti. Wagonjwa, kwa sehemu kubwa, hatawaona. (Atajiona yeye mwenyewe ana kila ugonjwa uliomo kitabuni; hilo huwapata wengi na hupita.)

Kuna jambo ambalo mwanafunzi anayetoka huku anapaswa kwenda nalo kichwani. Mwaka 2008 mtafiti Jeffrey Arnett alichambua majarida makubwa 6 ya saikolojia, akakuta asilimia 96 ya watu waliotafitiwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Basi anapofundishwa kwamba "binadamu hufanya hivi", ana haki ya kuuliza binadamu yupi. Kijana aliyelelewa na bibi Kibosho, akala kwa baba mdogo na kusomeshwa na shangazi, ana jambo la kusema kuhusu nadharia za mtoto na mlezi wake. Kabla ya kuondoka ni vizuri aone kazi inayofanyika nyumbani. Hapa Moshi, katika ushirikiano wa hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Duke, kulianzishwa mpango wa Sauti ya Vijana kwa ajili ya afya ya akili ya vijana wanaoishi na VVU. Vikundi vyake huongozwa na vijana waliopewa mafunzo, wasio wanasaikolojia wala madaktari. Ukiuelewa mpango huo, utasoma vitabu vya kule kwa jicho jingine.

Sasa fedha. Katika mikoa hii uamuzi wa kumpeleka mtoto nje hufanyika Desemba, ukoo ukiwa umerudi nyumbani, na mpango huwa wa michango. Michango ni mizuri, lakini sheria za viza hazikuandikwa kwa ajili ya ukoo. Uingereza inataka ada ya mwaka wa kwanza na matumizi ya miezi 9 vikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja. Akaunti iwe ya mwanafunzi, mzazi au mlezi wa kisheria. Ya mjomba haikubaliki, hata kama ndiye aliyemsomesha tangu chekechea. Kwa hiyo mjomba ahamishe fedha mapema, na ya mzazi iambatane na cheti cha kuzaliwa pamoja na barua ya ridhaa. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, inayolipwa ya miaka yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Ujerumani nayo hutaka akaunti maalumu iliyofungwa, kwa sasa yuro 11,904 kwa mwaka, ambayo mwanafunzi huchota kidogokidogo kila mwezi.

Kwa familia za Arusha zinazoishi kwa utalii, angalieni kalenda. Vyuo vingi vinavyoanza Septemba hudai malipo ya awali katikati ya mwaka, wakati masika yametoka kukausha mifuko na msimu ndio kwanza unafunguka. Fedha ya Januari na Februari ndiyo ya kuwekwa kando. Na tafadhali, kihamba, yaani shamba la ukoo, kisiwekwe rehani kwa ahadi kwamba mtoto "atafanya kazi kule". Viza ya mwanafunzi Uingereza humruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa kozi ya shahada. Hiyo ni nauli na chakula, wala si ada, na kuzidisha saa kunaweza kumrudisha nyumbani.

Mawakala wanaofanya maonyesho hotelini Arusha wengi hulipwa kamisheni na vyuo wanavyoviuza. Hilo si kosa, mradi ulijue unapowasikiliza.

Nyaraka tutazitaja kwa ufupi, ila moja huchelewesha kuliko zote: majina. Cheti cha NECTA, cha kuzaliwa na pasipoti vikitofautiana hata herufi, rekebisheni mwaka mmoja kabla. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yanaweza kuangukia miezi hiyohiyo ya viza na kipimo cha kifua kikuu. Baadhi ya vyuo hupokea cheti chetu moja kwa moja, vingine hutaka mwaka wa maandalizi, ambao ni ada nyingine kamili. Ulizeni pia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama chuo hicho kinatambulika, maana ndiyo itakayoipima shahada hiyo akirudi.

Akifika, wiki ya kwanza ajiandikishe kwa daktari wa mtaa na ajue kilipo kitengo cha ushauri cha chuo. Novemba giza huingia mapema, na wengi huanza kukosa usingizi na kukwepa simu za nyumbani. Ushauri huo kwa kawaida ni bure, na yanayosemwa humo hayapelekwi kwa mzazi wala mdhamini, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini.